Tulikwenda na kusi, tukarudi tukipigana nayo

Nilipomwambia mamangu kwamba mipango ya safari ya Unguja imekamilika, kwamba likizo ya Agosti tutakwenda yeye na mimi, mke wangu na watoto wawili, hakuuliza tutalala wapi wala tutakula nini. Aliuliza habari ya kusi, ule upepo wa kusini wa katikati ya mwaka: "Kusi itakuwa imepoa?"

Nikamjibu kwamba siku hizi mtu haendi kwa jahazi. Boti ni za injini, kutoka Dar es Salaam ni kama saa mbili tu, na hazingoji upepo. Akanyamaza. Mamangu akinyamaza haina maana kwamba amekubali, nalijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile nililichukua kama idhini nikaenda kulipia chumba.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Feri ya Likoni nimeipanda maisha yangu yote, asubuhi na jioni, jua na mvua, na nadhani hilo ndilo lililonidanganya. Likoni unavuka huku umesimama, mkononi una kikombe cha kahawa, na hujaimaliza umeshafika ng'ambo. Kati ya Dar es Salaam na Unguja ni zaidi ya kilomita sabini za maji, na sehemu kubwa ya katikati haina kisiwa wala mwamba wa kukukinga na upepo unaotoka kusini. Nilijua kupanda feri. Bahari nilikuwa siijui.

Mamangu aliijua. Alizaliwa 1954, na mwaka 1962, akiwa na miaka minane, babake alimchukua kwa jahazi kutoka Bandari ya Kale ya Mombasa hadi Unguja kwenye harusi ya nduguze. Walikwenda mwezi wa kwanza na kaskazi, upepo wa kaskazini, ikiwasukuma kwa nyuma. Harusi ilikuwa ya siku tatu, lakini walikaa miezi mitatu na ushei, wakingoja upepo ugeuke ili kusi iwarudishe nyumbani. Ndivyo watu walivyosafiri: upepo ndio uliokupa ratiba, na jamaa wa kule walijua kwamba mgeni akija na kaskazi atakuwa nao mpaka baada ya masika. Anasema hakuna aliyewauliza pasi. Wakati huo Ngomeni, ile ngome yetu ya Mombasa, ilikuwa bado inapepea bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja, kwa sababu ukanda wetu wa pwani, wa maili kumi, ulihesabiwa kuwa milki yake mpaka Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakaja Mapinduzi, na mamangu hakurudi tena Unguja. Jamaa wengine walihamia Bara, wengine Uarabuni, na wengine habari zao zikakatika.

Kwa hiyo mimi nilikuwa nampeleka mamangu likizo nchi ya nje, na yeye alikuwa akirudi mahali ambapo kwake hapakuwa nje. Laiti ningemsikiliza vizuri tangu swali lile la kwanza.

Karatasi nilizishughulikia mapema, na hapo sikujuta. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini pasi anaihitaji, na mpakani wataitaka pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ile huhesabiwa kuwa inafanya kazi baada ya siku kumi, basi usingoje wiki ya safari. Kwa wazee kuna jambo zaidi: mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa ni lazima azungumze na daktari kwanza, maana kwake hatari ya madhara ni kubwa kuliko kwa kijana. Sisi tulisalimika kwa sababu mamangu alikuwa na kadi yake ya zamani, ya mwaka alipokwenda Hija, na tangu 2016 kadi hizo zinakubaliwa maisha yote ya mwenyewe. Aliitoa ndani ya Msahafu, imekunjwa mara nne.

Tulivuka Likoni alfajiri, tukashika njia ya Lunga Lunga, tukagongewa mihuri Horohoro, tukapita Tanga, tukaingia Dar es Salaam usiku. Safari ya siku nzima, na kwa mtu wa miaka sabini ni ndefu. Nilikuwa nimepanga tulale usiku mmoja tu na kesho yake asubuhi tukwee boti. Nikienda tena nitalala mbili.

Asubuhi, barabarani mbele ya kituo cha boti, ng'ambo ya kanisa la Mtakatifu Yosefu, kijana mmoja alitufuata. Alikuwa mpole, amevaa vizuri. Akaniambia pembeni kwamba wananchi wana bei yao na wageni wana bei yao, na tofauti yake si ndogo, lakini sisi kwa Kiswahili chetu hakuna atakayetujua. Alikuwa na tiketi tano za bei ya mwananchi, zimeshaandikwa majina. Tuchukue tu, tupite. Nitasema kweli: nilipiga hesabu. Tulikuwa watu watano, na ile tofauti ingetulipia chakula cha siku mbili.

Mamangu alikuwa amesimama nyuma yangu, sikujua kama anasikia. Akasema, "Na likitokea jambo, tutatafutwa kwa majina ya nani?"

Yule kijana akaondoka bila kujibu. Mimi nami sikuwa na la kujibu.

Hakuwa akisema kwa kukisia. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, imepakia watu kupita kiasi, na moja katika machungu ya msiba ule ni kwamba watu waliokuwemo walikuwa wengi kuliko majina yaliyoandikwa. Mwaka uliofuata, 18 Julai 2012, boti ya Skagit iliyotoka Dar es Salaam ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe, katika mawimbi ya kusi. Mtaani kwetu Mombasa watu walisoma khitma mara zote mbili, kwa sababu hakuna mtaa wa Waswahili usio na mtu Unguja au Pemba. Familia zilizokaa miezi zikiuliza kama mtu wao alipanda au hakupanda, zingetoa kiasi gani kupata karatasi moja yenye jina sahihi? Tulikwenda dirishani, tukatoa pasi zetu, tukalipa bei ya mgeni, na majina yetu matano yakaandikwa herufi kwa herufi. Nilimwomba karani nihakikishe. Hakukasirika.

Watoto walitaka kukaa mbele kabisa, na mimi nikawapa ridhaa. Mamangu alitazama vile viti, akatazama nyuma, akasema, "Omo ndiko kunakoruka. Mimi nipeni tezini." Mke wangu akamfuata kule nyuma. Boti ikatoka taratibu, ikapita pantoni za Kigamboni na soko la samaki, ikatoka mdomo wa bandari, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya vikabaki upande wa kushoto. Ilipofika maji makuu, mawimbi yalikuwa yanatujia kwa nyuma, kutoka kusini. Boti ilikuwa inainuliwa tezi, inateleza, inapinda kidogo, inajinyoosha. Mwanangu mdogo aligeuka rangi lakini hakutapika. Kwa jumla ilikuwa safari nzuri, na hilo ndilo lililonipoteza mara ya pili.

Tulipokaribia Unguja mamangu alitoka nje kwenye sitaha, ameshika chuma kwa mikono miwili. Upande wa kulia mnara wa taa wa Chumbe ulionekana. "Hapo ndipo," akasema, akasoma Fatiha. Halafu mji wenyewe ukajitokeza: nyumba nyeupe zimebanana ufukweni, Ngome Kongwe, na Beit el Ajaib, lile jumba ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Yeye aliliona likiwa zima, na hakuwa ameambiwa. Nilimwona akilitafuta kwa macho, akirudi, akilitafuta tena. Akaniuliza, "Mnara wake uko wapi?" Nikamweleza. Akavuta leso kichwani, hakusema neno mpaka tulipofunga gati Malindi, bandari ya Unguja.

Pale bandarini, ingawa tulikuwa tumetoka Dar es Salaam, mgeni hupita tena mbele ya maafisa wa uhamiaji, kwani Zanzibar ina taratibu zake. Afisa alikuwa kijana mdogo. Aliipokea pasi ya mamangu, akamwamkia, "Shikamoo bibi, karibu Zanzibar. Mara yako ya kwanza?" Mamangu akamwitikia marahaba, kisha akamwambia mara ya kwanza alikuja na jahazi, kabla babake yeye hajazaliwa. Yule kijana alisimama. Alisimama kweli, akampa pasi kwa mikono miwili.

Siku sita za Unguja sitazieleza sana, zilikuwa zetu. Nyumba ya harusi ya 1962 tuliipata Mkunazini, wanakaa watu wengine, wakatukaribisha ndani, wakatupa kahawa chungu na halua. Mlango ulikuwa ni uleule. Mamangu alitia kidole kwenye nakshi moja ya chini, penye urefu wa mtoto wa miaka minane, akacheka peke yake.

Kosa langu lilikuwa la siku ya kurudi.

Nilikata tiketi za boti ya saa kumi jioni, ili tupate asubuhi moja zaidi ya kuogelea. Mamangu alisema, "Jioni upepo huwa umekwisha shiba." Nikamwambia tulikuja salama, tutarudi salama. Sikufikiria kitu ambacho baharia yeyote angenieleza bila kuulizwa: kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi, mwezi ule wa Agosti, si njia moja. Ukitoka Dar kwenda Unguja kusi iko nyuma yako. Ukirudi, iko usoni. Wimbi lililokusukuma wakati ule ndilo unalolipanda na kulianguka sasa. Na kusi ya jioni si ya asubuhi. Hukusanya nguvu kadiri jua linavyopanda.

Bandarini nilifanya kosa la pili, kubwa zaidi. Hamali alikuja na toroli, nikampa masanduku yote pamoja na ule mkoba mweusi wa mamangu, kwa kuona nampunguzia mzigo. Mizigo ikapangwa pamoja na ya watu wengine, juu ya mabegi yetu yakawekwa magunia na magodoro. Boti ikachelewa. Ikaondoka karibu na saa kumi na moja.

Nusu saa ya kwanza kisiwa kilitukinga. Halafu boti ikainua omo, ikakaa juu kidogo, ikaanguka kwa kishindo. Ikainua tena. Maji yalikuwa yanapiga vioo na kuvifunika kabisa. Nahodha akapunguza mwendo, akafanya vyema, lakini kupunguza mwendo maana yake ni kukaa humo muda mrefu zaidi. Mabaharia wakaanza kupita na mifuko, wameshika viti kwa mkono mmoja. Ndani ya robo saa karibu kila safu ilikuwa na mtu aliyeinama. Kuna harufu ya chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi na watu mia kadhaa wanaotapika. Wewe ambaye ulikuwa mzima, harufu hiyo inakumaliza.

Mwanangu mdogo alitapika mpaka akawa hana kitu tumboni, akawa analia bila sauti. Nikamshika sijui la kufanya. Mamangu akaniambia nimpe yeye. Akamlaza mgongo kifuani pake, uso wa mtoto ukitazama dirisha la pembeni. Akatia mkono ndani ya buibui akatoa ndimu. Sikujua kwamba alikuwa nayo. Akaikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mstari mmoja tu, yale mafuta yake yakatoka, akaisogeza puani mwa mtoto. "Vuta. Pole pole. Usitazame maji, maji yanakwenda. Tazama pale mwisho, penye msitari. Ule hauendi." Mtoto akavuta pumzi. Harufu ilipopungua alikwaruza mstari mwingine kando ya ule wa kwanza. Ndivyo walivyokaa, ndimu ikibadilika rangi mkononi mwake, mpaka giza likaingia na msitari wa upeo haukuonekana tena. Hapo akamwambia afumbe macho.

Baadaye daktari mmoja alinieleza kwa nini inasaidia. Sikio la ndani linaambia ubongo kwamba mwili unatikisika, na jicho linalotazama kiti cha mbele au simu linaambia ubongo kwamba mwili umetulia. Ugomvi huo ndio unaoleta kichefuchefu. Ukitazama upeo, jicho na sikio vinasema maneno mamoja. Vidonge vipo pia, lakini vinamezwa kama saa moja kabla ya safari, na mtu mwenye maradhi mengine aulize kwanza. Ukishaanza kutapika umeshachelewa. Chakula kidogo kikavu kabla ya kupanda ni bora kuliko tumbo tupu, na sisi mchana ule tulikuwa tumekula urojo na mishikaki.

Magharibi ilipoingia mamangu aliswali amekaa kitini, kwa ishara, mtoto bado yuko kifuani pake. Alipotoa salamu akageuka kwangu. "Mkoba wangu uko wapi?"

Dawa zake za presha humeza wakati huo, kila siku, kwa miaka kumi na moja. Zilikuwa ndani ya mkoba mweusi, chini ya magunia.

Nilikwenda nikipepesuka kwa baharia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipeleka hadi penye mizigo, tukatazama pamoja. Haikuwezekana. Kuhamisha mzigo ule katika mawimbi yale kungeumiza mtu. Akaja mwenyewe kwa mamangu, akachuchumaa. "Bi mkubwa, kichwa kinauma? Unaona sawasawa?" Akamletea maji, akamhamisha kiti kilicho karibu na mlango, akawa anarudi kila baada ya dakika chache. Mamangu alimwambia kila mara kwamba yuko sawa. Mimi namjua. Alikuwa anajikanda shingo kwa nyuma, na midomo yake ilikuwa inatembea katika dhikri.

Safari ya saa mbili ilichukua karibu tatu. Tulipofika Dar es Salaam tulisubiri mizigo dakika nyingine arobaini, mke wangu akaona haifai, akaenda naye kwenye duka la dawa kwa teksi, mimi nikabaki nikiangalia toroli moja baada ya nyingine. Walimpima. Ilikuwa juu, si kwa kiasi cha kulazwa. Usiku ule nililala sakafuni kando ya kitanda chake, nikisikiliza anavyopumua. Hakunilaumu. Kwa umri wangu ule ningefurahi kama angenilaumu.

Kesho yake hatukusafiri. Tulikaa, akapumzika, na nikamwomba anieleze. Basi ndipo nikaelezwa, kwa utaratibu, kama mtoto chuoni: kaskazi huanza lini, inachukua mpaka mwezi wa tatu, tanga mbili ni nini, pale pepo zinapobadilishana na bahari haijui imfuate nani, kusi inavyoingia na masika na kukaza katikati ya mwaka, demani inavyokuja baadaye, bahari ikalainika na wavuvi wakaenda mbali. Alisema wakati mzuri wa mzee kuvuka mkondo ule ni kaskazi inapoelekea kuisha, kwa sababu upepo ule unatoka upande wa Unguja yenyewe, na kisiwa kinalivunja wimbi kabla halijakufikia. Babake alimfundisha hayo juu ya jahazi, kwa kumwonyesha. Miaka yote nimekaa nyumba moja na elimu hiyo na sikuwahi kuiuliza, nikaangalia ratiba kwenye simu.

Mwaka huu mwishoni mwa Februari tumekwenda tena, yeye na mimi tu, kwa kuwa watoto wako shuleni. Tulilala Dar es Salaam siku mbili kwanza. Tiketi zote, za kwenda na za kurudi, nilikata za boti ya asubuhi kabisa. Hamali nilimpa sanduku moja, tukapatana bei kabla hajaligusa. Dawa alizifunga katika ncha ya leso kama watu wanavyofunga pesa, akaichomeka kiunoni, na nyingine za siku tatu nilizitia mfuko wa shati langu. Tulipoingia botini nilimwonyesha jaketi okozi liko wapi na linavaliwaje, naye akanisikiliza kwa subira yote.

Tulikaa tezini, safu ya chini, kati ya mama mmoja wa Pemba mwenye kapu la vitumbua na mzee aliyelala tangu gatini. Maji yalikuwa kama kaniki iliyotandikwa. Ndimu ilikuwa mkononi mwake, haijakwaruzwa hata mstari mmoja. Karibu na Chumbe alisoma Fatiha, akapangusa uso, kisha akaniuliza kama pasi yake ninayo mimi au anayo yeye.